TRIPODI YA SAFARI NA MILIMANI: NUNUA UTAKAYOIBEBA, SIYO ITAKAYOBAKI NYUMA YA MLANGO



Leo nataka tuongee na kundi ambalo huwa linasahaulika sana: wapiga picha wa kujitegemea wanaofanya kazi za safari. Wewe unayefuatana na vikundi vya kupanda milima ya Uluguru na Usambara wikiendi, wewe unayepeleka wageni maporomoko ya Materuni, wewe unayerekodi video za kampuni ndogo za utalii pale Moshi na Arusha. Na wewe unayeuza kahawa au viungo na kujirekodi kwa simu ukiwa shambani, usiondoke, sehemu yako iko huko chini.

Kifaa chenyewe ni tripodi, ile stendi ya miguu mitatu.

Ukiangalia mtaji wa mpiga picha mdogo, hela kubwa inaenda kwenye kamera, inayofuata inaenda kwenye lenzi, halafu tripodi inanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Hapo ndo watu wanapochemka. Kamera na lenzi vya milioni tatu vinasimamishwa juu ya stendi ya elfu hamsini, pembeni ya mlima, na upepo unavuma. Ikianguka mara moja tu, umepoteza kamera, umepoteza tenda, na deni la vifaa bado linakudai. Upande wa pili yupo aliyeambiwa "nunua kitu imara", akachukua tripodi la studio la kilo tatu na nusu. Amelibeba safari moja, mabega yameuma, tangu siku hiyo limesimama nyuma ya mlango linatundikiwa makoti. Huyu naye mtaji wake umelala.

Kwa hiyo tunatafuta kitu cha katikati: nyepesi kiasi kwamba utaibeba kila safari, na imara kiasi kwamba kamera yako iko salama. Vyote viwili kwa pamoja havipatikani kwa bei chee, lakini ukijua unachokitafuta huwezi kupigwa.

JE, UNAIHITAJI KWELI?

Swali hili muuza duka hawezi kukuuliza, kwa hiyo nakuuliza mimi. Kama kazi yako ni kupiga picha za kikundi saa sita mchana juu ya mlima, jua kali, tripodi haikuongezei kitu. Kamera nyingi za siku hizi zina mfumo wa kupunguza mtikisiko, na mkono wako unatosha.

Tripodi inaingiza hela pale ambapo mkono unashindwa. Maji ya maporomoko yaonekane laini kama pazia, shata lazima ikae wazi nusu sekunde mpaka sekunde mbili hivi. Picha ya nyota ukiwa kambini inataka sekunde 15 mpaka 25. Alfajiri na machweo, video ya mtu anayeongea na kamera, picha ambayo na wewe unataka uwemo, hapo bila tripodi utahangaika. Hizo ndo picha ambazo mteja hawezi kujipigia kwa simu yake akiwa amesimama, na ndo maana anakulipa.

Kuna kazi moja ya utalii ambayo tripodi ni mzigo wa bure kabisa: wanyama. Ukiwa ndani ya gari la safari huna pa kufungulia miguu mitatu, na hifadhini hushuki garini popote unapojisikia. Pale kinachofanya kazi ni mfuko wa maharage. Mpe fundi cherehani kitambaa kigumu cha turubai, akushonee mfuko wa ukubwa wa mto mdogo wenye zipu. Unasafiri nao mtupu, ukifika unanunua maharage au mchele unajaza, unauweka kwenye dirisha la gari na lenzi juu yake. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na tripodi, na safari ikiisha unabandika chungu.

UZITO: ANZA NA MIZANI, USIANZE NA TANGAZO

Kabla hujaenda dukani, chukua kamera yako na lenzi nzito kuliko zote unayoitumia, nenda kwa jirani mwenye mizani ya duka, pima. Kamera ndogo na lenzi yake ya kawaida mara nyingi haifiki kilo moja. Kamera kubwa yenye lenzi ya 24-70 ya kitaalamu inakaribia kilo moja na nusu. Lenzi ya 70-200 yenyewe peke yake inaweza kufika hapo. Namba hii iandike, ndiyo itakayokuongoza.

Sasa utaona kwenye boksi wameandika tripodi inabeba kilo 8, nyingine kilo 10, nyingine 15. Usishangilie. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanalazimika kukifuata, kila mmoja anapima anavyojua yeye. Namba hiyo inaweza kumaanisha tu kwamba miguu haikuvunjika, siyo kwamba picha haitatikisika. Mazoea mazuri ni kuchagua inayodai kubeba mara tatu ya uzito wako halisi. Una kilo moja na nusu? Usishuke chini ya iliyoandikwa kilo 4 na nusu au 5, na hiyo ni kwa mtengenezaji anayeaminika. Kwa jina ambalo hujawahi kulisikia, ongeza zaidi.

Uzito wa tripodi yenyewe, kwa kazi za kutembea na kamera ya kawaida, lenga kati ya kilo moja na kilo moja na nusu hivi. Nikupe mifano miwili inayojulikana ili upate picha. Manfrotto Befree Advanced ya aluminiamu ina kilo 1.49, ikikunjwa ni sentimita 40, ikifunguka yote inafika mita moja na nusu. Peak Design Travel Tripod ikikunjwa ni sentimita 39. Ya aluminiamu ina kilo 1.56 na ya kaboni kilo 1.27.

Hapo kwenye Peak Design tufanye hesabu ya biashara kidogo. Ilipoingia sokoni mwaka 2019, ya aluminiamu ilikuwa karibu dola 350, ya kaboni karibu dola 600. Tofauti dola 250. Umepunguza mzigo gramu ngapi? 290. Hayo ni maji ya kikombe kimoja kikubwa! Karibu dola nzima kwa kila gramu unayoitua begani.

Sisemi kaboni ni mbaya. Kaboni inatuliza mtikisiko haraka kuliko aluminiamu, na kwenye baridi kali haikung'ati vidole. Mtu aliyewahi kushika bomba la aluminiamu saa kumi alfajiri kule Kibo ananielewa. Lakini kwa mfanyabiashara anayeanza, ushauri wangu ni aluminiamu nzuri, siyo kaboni ya bei rahisi. Aluminiamu ikigongwa inabonyea na kazi inaendelea. Kaboni ikipata ufa imekwisha. Kuhusu baridi, funga kitambaa au sponji kwenye miguu miwili ya juu, tatizo limeisha kwa elfu tano.

Uzito una kesi nyingine. Ukiajiriwa kupanda na kikundi Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi unapimwa getini, na mwisho ni kilo 20. Ukija na tripodi la kilo nne utakuwa unamwomba kiongozi wa msafara nafasi ambayo ni ya chakula na mahema, na yeye ndiye atakayeamua kama atakuita tena safari ijayo. Ndege ndogo za kwenda mbugani nazo kwa kawaida zinaruhusu kilo 15 kwa abiria, begi laini. Gramu unazozibana kwenye tripodi unazitumia kwenye betri.

MIGUU NA VIPANDE VYAKE

Hapa ndo kuna siri ya tripodi nyepesi, tukae kidogo.

Kila mguu ni mabomba yanayoingiana, moja ndani ya jingine. Ukiwa na vipande vitatu, tripodi ikikunjwa inabaki ndefu. Vipande vinne inakuwa fupi. Vitano inaingia hata kwenye begi la mgongoni la kawaida. Watu wanaona fupi wanafurahi. Lakini kila kipande kinachoingia ndani lazima kiwe chembamba kuliko cha juu yake. Tuseme bomba la kwanza lina unene wa milimita 25, la pili 22, la tatu 19, la nne 16. Ukiongeza la tano unashuka mpaka 13, kama kidole. Na bomba likipungua unene nusu, ukakamavu wake haupungui nusu, unapungua mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kipande cha mwisho ndicho kinachoamua picha yako, siyo kile kinene cha juu ambacho muuzaji anakigonga gonga akikwambia "chuma hiki, boss".

Ukifika dukani vuta kipande cha mwisho, kishike katikati, kibonyeze pembeni taratibu. Kikicheza kama fimbo ya kuchungia mbuzi, irudishe.

Kwa wengi wetu vipande vinne ndiyo sehemu nzuri. Vitano chukua kama unasafiri sana kwa ndege au pikipiki na begi lako ni dogo, ila ukifika kazini zoea kufungua vipande vinene vya juu kwanza, vile vyembamba viguse tu pale inapobidi.

Urefu nao wana ujanja wao. Urefu unaoandikwa kwenye boksi mara nyingi umepimwa nguzo ya katikati ikiwa imevutwa mpaka juu. Nguzo ikiwa juu, kamera yako inasimama juu ya mguu mmoja mwembamba uliowekwa juu ya miguu mitatu. Upepo ukipita inatikisika. Ile Peak Design inafika sentimita 152 nguzo ikiwa juu, bila nguzo ni 130. Hiyo 130 ndiyo namba ya kununulia. Huhitaji kamera ifike machoni pako, skrini ya nyuma inatosha, na ukiinama kidogo hufi.

KUFULI, KICHWA NA PLETI

Kufuli za miguu ni aina mbili: za kuzungusha na za klipu. Za klipu unaona kwa macho kama imefunga au haijafunga, na mkono wenye glavu unaiweza. Ubaya wake zinanasa kwenye vichaka na nguo, na baada ya muda zinalegea, zinataka kukazwa. Za kuzungusha ni nyembamba na haziponzwi na matawi, lakini mchanga ukiingia utasikia inasaga kama karanga. Ukifanya kazi za ufukweni chagua ambayo kufuli yake inafunguka yote kwa mkono, bila fundi, uweze kuosha.

Kichwa cha gololi ndicho kinachofaa safari. Ni kidogo na kinageuka upande wowote. Vile vichwa vya mikono mitatu mirefu viachie studio. Kama kazi yako kubwa ni video za kugeuza kamera pole pole, hapo ndo utahitaji kichwa cha video, na uzito utaongezeka, kubali.

Pleti ni kile kibati kinachofungwa chini ya kamera. Hapa uwe mkali. Kuna mtindo mmoja uliozoeleka sana unaoitwa Arca-Swiss, wengi wanautengeneza, kwa hiyo pleti yake ukiipoteza unapata nyingine kirahisi. Tripodi zenye pleti ya kipekee, ya mtengenezaji huyo tu, zinakufunga. Pleti ikidondoka njiani kati ya Bunduki na kileleni, tripodi nzima imekuwa fimbo ya kutembelea. Kabla hujalipa muulize muuzaji: pleti ya ziada unayo? Kama hana na hajui itapatikana wapi, hiyo ni habari. Skrubu ya kamera ni robo inchi, na kichwa kinakaa kwenye miguu kwa skrubu ya 3/8 ya inchi. Zikiwa hivyo unaweza kubadili kichwa baadaye bila kununua miguu upya.

JARIBIO LA DAKIKA KUMI DUKANI

Ukienda Kariakoo au kwa mtu anayeuza iliyotumika, nenda na kamera yako na ile lenzi nzito. Usikubali kuijaribu tupu. Tripodi tupu zote ni imara.

Fungua miguu yote mpaka mwisho, funga kufuli zote, kisha egemeza mkono juu taratibu. Mguu wowote ukizama, hata kidogo, umemaliza mazungumzo. Weka kamera, elekeza lenzi kwenye kitu cha mbali, labda maandishi ya bango ng'ambo ya barabara, kaza kichwa, achia mkono. Tazama kwenye skrini. Je, picha inashuka yenyewe? Kichwa kikiteleza dukani, milimani kitakuabisha. Baada ya hapo kuza picha kwenye skrini mpaka mwisho, gonga mguu mmoja kwa kidole, hesabu. Mtikisiko ukiisha ndani ya sekunde moja au mbili, vizuri. Ukihesabu mpaka tano bado inacheza, mwambie asante.

Funga na fungua mara tano mfululizo. Kazi ya alfajiri ni ya giza na baridi, na mteja amesimama anasubiri. Kama inakusumbua ukiwa na taa na kivuli cha duka, huko itakusumbua zaidi. Kwa ya mtumba angalia pia mipira ya chini ya miguu, pale miguu inapoungana, na kama ni ya kaboni pitisha kucha kila mahali ukitafuta ufa.

HESABU YA KAZI

Tuseme tripodi ya laki nne na nusu inakufanyia kazi 60 kabla hujaibadilisha. Kila kazi imelipia 7,500. Ya elfu tisini ikifa baada ya kazi kumi, kila kazi imelipia 9,000, na katika hizo kumi umeishi roho mkononi. Hizi ni namba za mfano, weka zako. Kama kwa mwezi una kazi moja tu inayohitaji tripodi, usinunue kwanza. Azima au kodi kwa mpiga picha mwenzako, gharama iingize kwenye bei ya mteja, na utajua kwa vitendo aina gani inakufaa kabla hujatoa hela yako.

UKIFIKA KAZINI

Kwenye mteremko, miguu miwili iwe upande wa chini, mmoja upande wa juu. Upepo ukianza, tundika begi kwenye ndoano ya chini ya nguzo, lakini liguse ardhi kidogo. Likining'inia litabembea na kamera itabembea nalo. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise. Na usiiache imesimama peke yake huku ukienda kupiga stori na wageni, hata dakika moja.

Kwa wale wa simu: hamhitaji haya yote. Simu ni nyepesi, stendi ya gramu 300 mpaka 500 inatosha, ila hela yako iweke kwenye kibano cha kushikia simu. Kibano kiwe na skrubu ya robo inchi chini yake na kibane mpaka ukitikisa simu haitoki. Zile zenye miguu ya kujikunja ya kuzungushia kwenye tawi au uzio ni nzuri sana shambani, ambako ardhi haiko sawa.

Jambo la kibali msilipuuze. Kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi za taifa kunahitaji kibali, na tripodi ndiyo inayokutangaza kwamba uko kazini. Ulizia na lipia kabla ya safari, na gharama hiyo iwe kwenye makubaliano yako na kampuni inayokuajiri, siyo mfukoni mwako ukiwa umeshafika getini.

Ukirudi, hasa kama ulikuwa ufukweni, osha miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifungue yote ikauke kabla ya kuikunja. Kile kispana kidogo chenye ncha ya pembe sita kilichokuja kwenye boksi kifunge kwenye mkanda wa begi, kwa sababu skrubu hulegea njiani, na huko juu hakuna duka.